Taa ya getini inawaka mchana kweupe: hiyo ni LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga), usiweke fotodayodi (dayodi inayohisi mwanga)

Mkuu mtoa mada, umeuliza kama rezista yenye vimshale viwili kwenye mchoro wa taa yako ni sawa na dayodi yenye vimshale, na kama unaweza kuchomekea hapo kile kijicho cha kupokea rimoti ulichong'oa kwenye tv mbovu. Hapana, havibadilishani.

Angalia vimshale vinaelekea wapi. Vikiingia kwenye alama kifaa kinapokea mwanga, vikitoka kinatoa, kwa hiyo dayodi yenye vimshale vya kutoka ni LED tu na ya kuingia ndo fotodayodi. Yako ni LDR, alama ya rezista na vimshale vinaingia, wengine wanaizungushia duara wengine wanaiacha hivyo hivyo, usihangaike na hilo. Inayosumbua watu ni fototransista, yaani transista inayohisi mwanga, maana mara nyingi wanaichora bila mguu wa besi (ule unaoamuru transista ipitishe umeme), mwanga wenyewe ndo unafanya kazi ya besi.

Sasa kijicho cha tv kama kina miguu mitatu hata sio fotodayodi tupu, ndani kina amplifaya na kichujio kinachosubiri mapigo ya rimoti, mara nyingi 38 kHz, jua hata liwake vipi hakishtuki. Na fotodayodi yenyewe inapitisha maikroampia tu tena inafungwa kinyume, wakati sakiti yako imepigiwa hesabu ya LDR ambayo haina chanya wala hasi. Mfano GL5528, zipo nyingi sana madukani, kwenye mwanga hafifu wa 10 lux inasoma ohm 8k mpaka 20k (k ni elfu), gizani inapanda mpaka kwenye 1M (M ni milioni).

Kabla hujanunua pima. Zima swichi kuu kwanza, bodi nyingi za hizi taa hazina transfoma, zinashusha umeme kwa kapasita tu kwa hiyo bodi nzima iko laivu, usiiguse kizembe. Fungua mguu mmoja wa LDR, weka mita kwenye 2M, halafu ziba ule uso wenye mstari wa kujikunjakunja kwa kidole. Nzima itapanda ukiziba na kushuka ukiachia. Ikikuandikia 1 tupu upande wa kushoto hata ukiimulika tochi, imekatika, na ndo maana taa inadhani ni usiku muda wote.

Ukifunga mpya igeuzie pembeni isitazame balbu, la sivyo itawaka na kuzima usiku kucha, nimeziona nyingi za hivyo na mtu ameshanunua bodi nyingine bure. Ukishapima tupia majibu hapa na picha ya nyuma ya bodi.