Muulize Mkunga: Mdoli hafi, sasa ananifundisha nini?

SWALI: Shikamoo sista. Niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi na ukunga huku Mbeya, mwezi ujao naingia leba kwa mara ya kwanza. Chuoni tulipelekwa skilzi labu, chumba cha mazoezi, kupulizia mdoli wa kichanga kwa ambubegi, ule mfuko wa mkono wenye maski wa kumpulizia hewa asiyepumua, wenzangu wakawa wanacheka, na mi nikawa naona kama mchezo maana mdoli hafi. Halafu tuko 40 na midoli ni miwili, ambubegi nimeishika kama dakika mbili tu basi. Hii kweli inasaidia au nisubiri nikajifunzie kwa wagonjwa wenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenirudisha mbali sana. Sisi mdoli hatukumwona, tulisoma kitabuni, tukachora mchoro, mtihani tukafaulu, halafu zamu moja ya usiku sista mkubwa kaenda kwa mama mwingine anayetoka damu, huku kwangu mtoto katoka kalegea, kimya, mwili wa bluu, na mi ambubegi ninayo mkononi ila sijui maski inakaaje. Niliiweka ikafunika mpaka macho, hewa yote ikawa inatokea shavuni naisikia fyuu, fyuu, kifua hakipandi, na kadiri kisivyopanda ndo nazidi kukamua kwa nguvu. Sista aliporudi hakunigombeza. Alikinyanyua kidevu cha mtoto kidogo tu, kichwa kikakaa kama cha mtu anayenusa chakula jikoni, akashusha maski ikashika kidevu, mdomo na pua, akakamua mara tano hivi na kifua kikapanda. Mtoto alilia. Lakini zile sekunde nilizokuwa nahangaika zilikuwa za yule mtoto, na mpaka leo nikizikumbuka naumia.

Sasa huyo mdoli mnayemcheka, kama ni yule NeoNatalie, anajazwa maji mpaka anakuwa na uzito wa kichanga, ukimnyanyua kichwa kinadondoka nyuma vilevile kama cha mtoto aliyelegea. Mkufunzi anabonyeza kipira kitovu kinadunda, akiacha kinanyamaza. Maski ikivuja kifua hakipandi hata ukamue vipi, yaani kosa langu la usiku ule wewe unalifanya mara ishirini mchana kweupe na hakuna mama anayelia pembeni.

Na ushahidi uko hapahapa nyumbani. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaani ya kumsaidia kichanga apumue, yalifanyiwa utafiti kwenye hospitali 8 Tanzania, matokeo yakatoka 2013, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ila kuna jambo la hospitali ya Haydom kule Manyara nataka ulishike vizuri, kwa sababu linakuhusu. Mwaka 2010 wahudumu walipewa kozi ya siku moja, wakapimwa kwa mdoli wakaonekana wameiva, lakini walipoangaliwa leba kwa watoto wenyewe utendaji haukubadilika. Baadaye mdoli akawekwa karibu na kazi, watu wakawa wanafanya zoezi fupi la dakika chache mara kwa mara, na hapo ndo vifo vikaanza kushuka.

Kwa hiyo dakika mbili ulizopewa hazitoshi, na hilo una haki ya kulidai. Nendeni wawili watatu kwa mkufunzi mkaombe labu ifunguliwe jioni. Mmoja apulizie, mwingine ashike simu ahesabu muda, maana ndani ya ile dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, tunaiita dakika ya dhahabu, mtoto awe anapumua mwenyewe au uwe umeshaanza kumpulizia. Hesabu kwa sauti, pumzi kama 40 kwa dakika. Mkimaliza msikimbilie kutoka, kaeni chini, aliyefanya aanze kusema mwenyewe wapi alikwama kabla hamjamwambia. Na anayecheka mwambieni asubiri nje, nasema kwa upendo kabisa, mtu akichekwa akikosea atajifunza kuficha makosa, na leba kosa likifichwa mtu anakufa.

SWALI: Sista, mi ni mkufunzi Kigoma. Chuo hakina hela ya midoli ya gharama, kutokwa damu baada ya kujifungua nafundisha kwa ubao tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwalimu, ila hilo unaliweza. Hata ule mdoli wa MamaNatalie kikubwa chake ni kwamba mtu mzima anauvaa tumboni, anakuwa ndo mama. Basi mkufunzi mwenzako alale kitandani ajifunike kanga, chini muwe na mfuko wa juisi ya choya nyekundu, ndo damu yenu, wenye kabomba mnakokabana na kuachia. Kabla ya hapo mwaga nusu lita ya choya kwenye kitenge na waulize wanafunzi ni kiasi gani. Wangu karibu wote hutaja kidogo kuliko ilivyo, na hiyo ndo mililita 500 tuliyofundishwa kuiogopa! Wakishaiona ikienea kwenye kitambaa hawaisahau tena.

Na huyo mama aongee. Aseme "naona kizunguzungu, mtoto wangu yuko wapi", aone kama mwanafunzi anamjibu huku mkono uko tumboni unakanda mfuko wa uzazi na mdomo unaita msaada na sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Wengi wananyamaza kabisa, wanamkanda mama kama unga. Mdoli wa kawaida haulizi maswali hayo, mtu ndo anauliza.

SWALI: Binti yangu anasomea uuguzi, kila likizo anachoma machungwa kwa sindano. Ndo masomo hayo?

JIBU: Ndiyo mama, mwachie. Ganda la chungwa linamzoesha mkono kushika bomba na kusukuma taratibu, ila halimwonyeshi sehemu ya kuchoma kwenye paja au bega, hiyo ataelekezwa na mkufunzi wake akiwa amesimama pembeni. Hayo machungwa wasile watoto, na sindano zote zirudi kwenye boksi lake la chuo.