Maswali ya Wasomaji: Mashuka ya Pamba na Namba za Kwenye Lebo

Barua za safari hii karibu zote zimehusu matandiko. Tumechagua zile zinazowagusa wengi.

Swali: Nimekuta mashuka ya aina mbili, yote yameandikwa pamba asilimia 100. Moja ni la nyuzi 300, jingine nyuzi 1,000, na bei yake ni zaidi ya maradufu. Muuzaji anasisitiza kwamba namba kubwa ndiyo shuka bora. Nimwamini?

Usimwamini moja kwa moja. Namba hiyo ni hesabu ya nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja ya mraba, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) pamoja. Inchi haitanuki. Nyuzi za pamba zilizo moja moja, hata ziwe nyembamba vipi, zikishafika 400 au 500 hivi nafasi inakuwa imekwisha. Basi hiyo elfu inatoka wapi? Kiwandani husokota nyuzi mbili, tatu au nne kuwa uzi mmoja, kisha kila kijiuzi kinahesabiwa peke yake. Kitambaa chenye nyuzi 250 zilizosokotwa nne nne kinapewa jina la 1,000. Unachopeleka nyumbani ni shuka zito, lisilopitisha hewa vizuri, linalochelewa kukauka, na mara nyingi limetengenezwa kwa pamba hafifu iliyosokotwa pamoja ili isikatike. Ukiona namba kubwa namna hiyo, uliza kama uzi ni mmoja au wa kusokotwa.

Kinachoamua ubora zaidi ni urefu wa nyuzinyuzi za pamba yenyewe, yaani vile vinyweleo vinavyosokotwa kuwa uzi. Takriban asilimia 90 ya pamba inayolimwa duniani ni ya jamii ya *Gossypium hirsutum*, ambayo nyuzinyuzi zake ni za urefu wa kati, milimita 25 hadi 30 hivi. Jamii ya *Gossypium barbadense*, inamotoka pamba iitwayo Pima na pamba ndefu ya Misri, hufika milimita 34 na kuendelea. Nyuzinyuzi zikiwa ndefu, ncha zinazochomoza kwenye uzi huwa chache, na ncha hizo ndizo zinazokwaruza ngozi na baadaye kujiviringisha kuwa vijidonge. Tena pamba ndefu inasokoteka kuwa uzi mwembamba bila kupoteza nguvu. Kwa hiyo shuka la nyuzi 250 la pamba ndefu litalishinda lile la elfu kwa ulaini na kwa miaka ya kutumika.

Hata jina la pamba lisikutoshe. Neno "Misri" kwenye lebo linataja nchi tu, wala si kila pamba ya Misri ni ndefu, na wapo wanaoliandika bila haki. Mwaka 2016 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilivunja biashara na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kugundua kuwa mashuka yaliyouzwa kwa jina hilo yalifumwa kwa pamba nyingine. Tafuta maelezo yanayotaja pamba ya nyuzinyuzi ndefu, au pamba iliyochanwa, yaani iliyopitishwa kwenye vitana vya mashine ili vipande vifupi vitoke kabla ya kusokotwa.

Swali: Natokwa na jasho sana usiku. Kuna shuka la pamba linalonifaa zaidi ya mengine?

Lipo: perkale. Huo ni mfumo wa uzi mmoja juu, mmoja chini, kama jamvi. Kitambaa chake ni chepesi, kikavu mkononi, na hewa inapita. Chukua la nyuzi kati ya 200 na 300. Kasoro yake ni kukunjamana, na wiki za mwanzo linaweza kuonekana gumu kidogo, ila kila ukifua linalainika.

Mfumo mwingine ni sateni, ambayo hufumwa kwa kurusha uzi juu ya nyuzi tatu au nne kabla ya kuzama chini ya mmoja. Ndiyo maana inateleza na kung'aa, na inakumbatia mwili, jambo linalowafaa wanaosikia baridi. Lakini hizo nyuzi zilizolala juu hukwama upesi kwenye kucha na zipu, na huchakaa mapema. Kwa anayetoka jasho hatuipendekezi.

Swali: Nitalijuaje shuka zuri nikiwa bado dukani?

Omba kufunguliwa pakiti. Asiyekubali kukufungulia hata moja, nenda kwa mwingine.

Linyanyue uelekee kwenye mwanga. Mwanga upenye sawasawa. Ukiona mistari mizito na myepesi, au vinundu vingi, uzi haukusokotwa vizuri. Kisha shika sehemu mbili za kitambaa uzisugue kwa nguvu mara kumi. Ikidondoka vumbi nyeupe, hiyo ni stachi iliyopakwa ili kuongeza uzito wa kitambaa, na baada ya kufuliwa mara moja utabaki na kitambaa chepesi kama shashi. Pale uliposugua pakianza kutoa manyoya, pamba yake ni fupi.

Geuza pindo. Mshono mzuri una hatua nne hadi tano kwa sentimita moja, na pembe zimefungwa kwa kurudishiwa uzi. Hapo hapo angalia kama pindo limefuata uzi wa kitambaa. Likikatwa mshazari, shuka litajipinda baada ya kufuliwa na halitakunjika sawa tena. Kama ni la rangi nzito, lowesha leso nyeupe na usugue upande wa ndani wa pindo. Leso ikitoka na rangi nyingi, na foronya zako nyeupe zitaipata.

Kipimo cha moto ni cha nyumbani. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika. Poliesta huyeyuka, hujikunyata mbali na moto, na kuacha tone gumu jeusi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani, ni mchanganyiko, hata lebo iseme nini.

Swali: Godoro langu ni sentimita 150 kwa 200, kina 25. Shuka nililonunua lilitosha siku ya kwanza, sasa linachomoka kila usiku.

Limerudi baada ya kufuliwa. Pamba ambayo haikuloweshwa kiwandani ili irudi kabla ya kushonwa hupungua asilimia 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Kwa shuka la kutandika bila lastiki, piga hesabu hivi: upana 150, ongeza kina mara mbili (50), ongeza 20 kila upande za kuchomeka chini. Jumla 240. Urefu kwa hesabu hiyo hiyo ni 290. Ongeza asilimia 5, utahitaji takriban 255 kwa 305. Ukikosa kipimo hicho, punguza sehemu ya kuchomeka.

La lastiki liwe na kina cha sentimita 32 au zaidi, na lastiki izunguke shuka zima. Iliyowekwa kwenye pembe nne tu huachia haraka. Kama unatandika kigodoro chembamba juu, pima kina ukiwa umekiweka.

Swali: Mashuka "yasiyohitaji pasi" yana siri gani?

Yamepakwa resini inayozuia mikunjo, na nyingi huwa na fomaldehidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi. Resini hiyo hupunguza nguvu ya pamba na uwezo wake wa kunyonya jasho. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha ayaepuke, au atafute cheti cha OEKO-TEX Standard 100. Cheti hicho kinahusu kemikali zenye madhara tu. Hakisemi lolote kuhusu uimara.

Swali: Shuka langu limejaa vijidonge kabla ya miezi mitatu. Nimekosea kufua?

Huenda ni pamba fupi au mchanganyiko wa poliesta. Katika mchanganyiko, nyuzi ngumu za poliesta huvishikilia vijidonge visianguke. Lakini kufua nako kuna mchango: usifue mashuka pamoja na taulo au jinzi, na usijaze mashine hadi pomoni. Maji ya nyuzi joto 40 yanatosha kwa kawaida. Panda hadi 60 ukiwa na mzio wa utitiri wa vumbi, mradi lebo inaruhusu. Acha kilainishi cha nguo, kwani hupaka uzi utando unaozuia kunyonya. Dawa ya klorini nayo hula pamba taratibu, na shuka huanza kuchanika katikati, pale mwili unapolala.