Hofu ya opresheni ya vali ya moyo

Dadangu, umesema tarehe ya opresheni imekaribia na usingizi hupati kwa kuwaza utafia mezani. Hofu hiyo ni haki yako wallahi, kupasuliwa kifua si mchezo. Lakini mbona wahesabu hatari ya upande mmoja tu? Vali, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, ikiziba sana na ushaanza kuhema ukipanda ngazi, moyo wazidi kuchoka, kungoja nako kuna hatari yake. Mkalishe daktari akwambie hatari yako wewe, kwa umri wako na figo zako, sio za watu wa intaneti: kiharusi, kuvuja damu, maambukizi, mapigo kwenda ovyo. Halafu uliza ni vali gani watakuwekea. Ya chuma hudumu ila utameza wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande) maisha yako yote na kupimwa damu kila mara, na kama wataka kuzaa bado sema mapema, dawa hiyo yaweza kudhuru mimba. Ya mnyama mara nyingi haitaki wafarini ya maisha ila huchakaa, pengine miaka 10 hadi 20 (kama ya nguruwe yakutia wasiwasi ongea na shehe wako, na za ng'ombe pia zipo). Meno yaangaliwe kabla, bakteria za mdomoni hufika kwenye vali. Na mamako mwambie, usimfiche.