Milo Yenye Wanga Kidogo Iliyonitulizia Tumbo

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikilala nimeegemea mito miwili, kwa sababu kila nilipojilaza baada ya chakula cha usiku asidi ilipanda hadi kooni na kunichoma. Mchana tumbo lilijaa gesi kiasi kwamba ifikapo saa tisa nililazimika kulegeza kifungo cha sketi nikiwa bado kazini, na choo nilikipata kwa shida, mara mbili au tatu kwa wiki, tena kigumu. Dawa za kutuliza asidi nilizonunua duka la dawa zilinipa nafuu ya saa chache tu, kisha hali ikarudi palepale. Kilichonisaidia hatimaye ni kubadilisha kilichokuwa kwenye sahani yangu, hasa sahani ya usiku. Naandika kwa kirefu namna nilivyofanya, kwa kuwa najua wapo wengi wanaoteseka hivi wakidhani ndivyo tumbo lao lilivyoumbwa.

Kabla ya kugusa chakula, nenda ukapime. Vidonda vya tumbo vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha uhusiano wake na vidonda hivyo. Bakteria huyu haondoki kwa kuacha ugali. Mimi nilikutwa naye kwa kipimo cha choo, nikapewa dawa za siku 14, na ule moto wa chini ya chembe cha moyo ukaisha. Kama unameza dawa za kupunguza asidi za jamii ya omeprazoli, mweleze daktari mapema, kwa sababu kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna bakteria ilhali unaye. Na kama unapata choo cheusi kama lami, unatapika damu, unapungua uzito bila sababu au chakula kinakwama unapomeza, wahi hospitali, usianze kujaribu milo ya mtu yeyote, hata hii yangu.

Baada ya matibabu hayo, gesi, kujaa na kiungulia cha usiku vilibaki. Ndipo nilipokutana na afisa lishe, dada mmoja mtulivu, ambaye hakuniuliza naumwa wapi bali aliniambia, "Dada, hebu nitajie kila ulichokula jana, tangu ulipoamka." Nikamtajia: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu na chapati mbili, mchana wali maharage na soda, jioni andazi, usiku ugali na dagaa waliokaangwa kwa vitunguu vingi, saa tatu na nusu, kisha kitandani saa nne. Aliandika kila kitu upande mmoja wa karatasi, akaigeuza kunionyesha, akauliza mboga iko wapi. Haikuwepo. Mbogamboga pekee kwa siku nzima ilikuwa vile vitunguu.

Tukapiga hesabu ya ugali. Kilo moja ya sembe ina takriban gramu 750 za wanga, na nyumbani kwetu tulikuwa tukiimaliza watu watano kwa mlo mmoja, yaani kila mtu gramu 150 usiku, bila kuhesabu kingine. Soda ya chupa ya mililita 350 ilikuwa ikiongeza sukari ya gramu 35 hivi.

Hapa panahitaji maelezo ya makini, kwa sababu wengi husikia "punguza wanga" wakadhani wali ni sumu. Kinachojaza gesi ni ile sehemu ya wanga na sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya au kuifyonza. Hushuka hadi kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huichachua na kutoa gesi, huku maji nayo yakivutwa ndani ya utumbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamefanya kazi kubwa ya kuvipima vyakula kwa mtazamo huo. Kwa kipimo chao, wali mweupe hauna shida kubwa ya gesi, ilhali ngano, maharage, kitunguu maji, kitunguu saumu na maziwa freshi kwa mtu asiyeweza kumeng'enya sukari yake, vyote huchachuka kwa urahisi. Kwa hiyo katika sahani yangu ya wali maharage, mkosaji mkubwa wa gesi alikuwa maharage, na kosa la wali lilikuwa wingi wake, uliolitanua tumbo na kusukuma asidi juu.

Nilitiwa moyo pia na utafiti uliotolewa mwaka 2024 kutoka Gothenburg, Sweden, uliohusu watu 294 wenye tatizo la utumbo liitwalo IBS, yaani maumivu, gesi na choo kisichotabirika bila kidonda kinachoonekana. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 76 katika kundi lililoepuka vyakula vinavyochachuka pamoja na kufuata ushauri wa kawaida wa ulaji, asilimia 71 katika kundi lililokula wanga kidogo, na asilimia 58 katika kundi lililopewa dawa. Njia mbili za chakula zilikaribiana sana, nami nikaamua kuzichanganya: kupunguza wanga, na ule unaobaki uwe wa aina isiyochachuka ovyo.

Wiki mbili za kwanza nilikosea vibaya. Niliondoa ugali na chapati, nikaweka kuku wa kukaanga, mayai ya kukaanga na nyama choma, nikiamini kwamba maadamu hakuna wanga basi niko sawa. Siku nne zilipita bila choo, na kiungulia kikazidi, kwa sababu mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukitoa ugali umetoa pia sehemu ya ujazo na nyuzinyuzi ulizokuwa ukizipata, hivyo nafasi yake lazima ichukuliwe na mboga za majani na maji ya kutosha, wala si na mnofu peke yake. Tangu hapo nusu nzima ya sahani yangu ni mboga, robo ni samaki, mayai au kuku, na robo iliyobaki, mara nyingine hata chini ya robo, ndiyo ya wanga.

Asubuhi siku hizi nakula mayai mawili yaliyokorogwa na mchicha uliokatwakatwa, yakapikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, pamoja na chai ya rangi yenye tangawizi kidogo. Nasema kidogo kwa sababu tangawizi husaidia kichefuchefu, lakini ikizidi inaweza kuchochea kiungulia. Siku nyingine nakunywa supu ya kuku wa kienyeji au ya samaki bila chapati ya kusindikizia. Sijaona mlo wa asubuhi unaolituliza tumbo langu kama supu ya samaki ya moto yenye chumvi kiasi. Parachichi naliweka pembeni, kipande cha robo tu. Lina mafuta mazuri na nyuzinyuzi nyingi, ila ukila zima kwa mkupuo linaweza kukujaza gesi.

Usiku ndio ulioleta mabadiliko makubwa zaidi, kwa hiyo niueleze mlo wangu mmoja ninaoupika angalau mara mbili kwa wiki. Nachukua samaki aina ya changu wa ukubwa wa kiganja, au vibua wawili kama changu amepanda bei, namsafisha, namchanja, nampaka chumvi na tangawizi iliyopondwa. Namweka kwenye sufuria na nyanya moja na maji yasiyomfunika, nafunika, nampika chukuchuku kwa moto mdogo bila mafuta. Dakika tano za mwisho nadumbukiza bamia saba au nane nilizozikata kikonyo tu bila kulifungua tunda, ili ute ubaki ndani na mchuzi usivutike. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazoshika maji, na kwangu ndio uliolainisha choo kuliko dawa yoyote niliyonunua. Pembeni naweka matembele au majani ya maboga yaliyochemshwa na kuungwa kwa karanga za kusaga kijiko kimoja. Anayependa mlenda ana bahati, kwa kuwa kazi yake tumboni ni ileile ya bamia, mradi magadi yasizidi.

Mabadiliko ya usiku huwa ni ya aina tu: nyanya chungu na biringanya za kuchemsha na dagaa, kuku wa kuchemsha na kabichi iliyoiva vizuri, kisamvu siku za mapumziko. Kisamvu kitwangwe na kichemke muda mrefu, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu inayoondoka kwa kutwanga na kuchemsha, na tui la nazi liwe jepesi kwa mwenye kiungulia. Kabichi nayo haipatani na matumbo ya baadhi ya watu. Anza na kidogo. Nakula saa moja jioni, nalala saa nne, na mito miwili niliiondoa katika mwezi wa pili wa kula hivi.

Tatizo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa kitunguu, kwa kuwa jikoni kwetu hakuna mchuzi usioanza na kitunguu. Suluhisho ni hili: ile sukari ya kitunguu inayochachuka huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo nakaanga vipande vikubwa vya kitunguu au kitunguu saumu kwenye mafuta matupu mpaka vinukie, navitoa vyote, ndipo natia nyanya. Harufu na ladha hubaki. Usijaribu kufanya hivyo kwenye supu, kwa sababu maji yatakuwa yameshaivuta sukari hiyo hata ukiviopoa vipande. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, hayanisumbui kabisa, nayo nayakata juu ya samaki. Vilevile niliacha korosho kwa muda nikala karanga, maana korosho huchachuka zaidi, na maziwa freshi nikayabadilisha kwa mtindi usio na sukari, ambao bakteria wake wameshaila sehemu ya sukari ya maziwa.

Mchana nakula kwa mama ntilie jirani na kazini, na najua wengi hapo ndipo wanapokata tamaa. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo mama. Naomba unipunguzie wali, uniongezee mchicha." Akanitazama, akaniuliza kama ninaumwa, akasema bei ni ileile. Nikamwambia bei haina neno. Leo akiniona tu anapakua upawa mmoja wa wali, samaki wa mchuzi, kisha anaujaza mchicha mpaka sahani haionekani, na wateja wawili wengine wameanza kuagiza "sahani ya dada yule." Hakuna haja ya kubeba makopo ya chakula wala kutafuta vyakula vya bei mbaya, kusema kwa adabu kabla hajapakua kunatosha.

Ramadhani ndiyo iliyonipa mtihani, maana futari yetu watu wa Tanga ni wanga juu ya wanga: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji na kaimati, vyote kwenye mkeka mmoja baada ya tumbo kukaa tupu tangu alfajiri. Sikutaka kumvunja moyo mama kwa kukataa alichopika. Nilifungua kwa tende na maji, nikanywa bakuli la supu, nikaenda kuswali Magharibi, na niliporudi njaa ile kali ilikuwa imetulia, nikachukua kipande kimoja cha muhogo, samaki na mboga. Usiku ule sikupata kiungulia kwa mara ya kwanza katika Ramadhani tatu.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasipunguze wanga ghafla bila daktari kurekebisha dawa, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi mtu akaanguka. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya figo nao waongee kwanza na mtaalamu wao.

Baada ya wiki sita nilianza kurudisha vyakula kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu, nikianza na kidogo, huku nikiandika kwenye daftari saa niliyokula na jinsi tumbo lilivyokuwa. Maharage yalirudi salama yalipolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, nusu bakuli, tena mchana. Ugali nao umerudi, kiasi cha ngumi yangu, mchana wa Jumapili tunapokula pamoja. Chapati ya ngano nimeijaribu mara tatu, na mara zote daftari limeandika jambo lilelile kufikia saa tisa alasiri, kwa hiyo sasa nampakulia mume wangu, mimi natia mchicha.