Ukomo humhesabu mtu, hauhesabu ukoo

Swali la wiki hii liliuliza: je, ukomo wa vipindi vya meya unatosha kuzuia familia moja kuhodhi mji? Ufilipino wana ukomo huo tangu Katiba ya 1987, na yaliyotokea Pasig, mji ulio ndani ya Metro Manila, eneo la mji mkuu, yanaonyesha wazi kwamba hautoshi.

Kule meya hachaguliwi na madiwani kama ilivyo Tanzania. Wananchi humpigia kura wenyewe Jumatatu ya pili ya Mei, kila baada ya miaka 3. Anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hata asipofika nusu. Duru ya pili haipo. Haruhusiwi vipindi zaidi ya 3 mfululizo. Hilo neno "mfululizo" ndilo lililoacha mlango wazi.

Kifuatilie kiti cha Pasig. Vicente Eusebio alikikalia kuanzia 1992 hadi 2001, vipindi vyake 3 vikaisha. Mkewe Soledad akapokea hadi 2004. Vicente akarudi 2004 hadi 2007, kisha mtoto wao Robert, 2007 hadi 2013, vipindi 2. Mke wa Robert, Maribel, akashika 2013 hadi 2016. Kipindi hicho kimoja kilitosha kuukata mfululizo wa mumewe, naye akarudi 2016 akiwa na hesabu mpya. Miaka 27 nyumba moja, na ukomo haukuvunjwa hata siku moja. Inauma zaidi ukijua kwamba walioandika Katiba waliiona hila ya meya kujiuzulu ili aanze upya, wakaiziba: kujiuzulu kwa hiari hakukatizi hesabu. Ya kumwachia mke hawakuiziba.

Katiba hiyohiyo inakataza koo za kisiasa, lakini "kama sheria itakavyofafanua", na kwa miongo mitatu na zaidi Bunge, ambalo limejaa watu wa koo hizohizo, halikutunga sheria hiyo kwa mameya. Si kwamba ufafanuzi ni mgumu. Mwaka 2016 sheria ya mabaraza ya vijana iliwazuia wagombea wenye undugu wa hadi daraja la pili, wa damu au wa ndoa, na viongozi wa kuchaguliwa walio madarakani. Kipimo kama hicho kingewekwa kwa nafasi ya meya, na kikamtaja mwenzi wa ndoa waziwazi, zamu za Pasig zingekwama 2001.

Kuna na fedha. Mgombea wa chama anaruhusiwa kutumia peso 3 kwa kila mpigakura aliyeandikishwa, asiye na chama peso 5. Mji wenye wapigakura 400,000 basi ukomo ni peso 1,200,000 kwa wa chama. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu huhesabiwa kuwa mgombea pale tu muda wa kampeni unapoanza. Kwa uchaguzi wa Mei 2025 fomu zilirudishwa Oktoba 2024, kampeni za miji zikaanza 28 Machi. Katikati hapo ni karibu miezi sita ya mabango na misaada isiyoingia kwenye hesabu, na meya aliye kazini ndiye anayefaidi kuliko wote.

Ukoo huo uliondolewa na kura, si na kifungu. Mwaka 2019 Vico Sotto, diwani wa miaka 29 aliyekuwa amepigania kanuni ya jiji ya wananchi kupata taarifa, alipata kura zaidi ya 200,000 na kumshinda Robert. Tuseme ukweli wote: naye alikuja na jina, maana wazazi wake, Vic Sotto na Coney Reyes, ni waigizaji mashuhuri. Mgombea asiye na jina la namna hiyo angepata shida zaidi.

Tena kumwangusha meya si kumaliza kazi. Makamu huchaguliwa kwa kura yake mwenyewe, ndiye anayeongoza vikao vya baraza, na bajeti hupita humo. Pasig ilimchagua Iyo Bernardo kuwa makamu mwaka uleule wa 2019. Mwaka 2022 ndiye aliyesimama kumpinga Sotto, akashindwa.