Gololi za kopo la babu: zipi za kuchezea, zipi za kutunza

Ndugu, nimekuelewa: umerithi kopo la gololi, watoto wanazililia, nawe hujui aina zake wala kama zipo za thamani.

Anza na ukubwa. Za kawaida zina kipenyo cha milimita 16 hivi. Kubwa kuzidi hapo mara nyingi ni za kupigia. Kisha tazama ndani. Zenye utepe wa rangi uliojikunja katikati ya kioo angavu ndizo jicho la paka, nazo zimejaa kila mahali. Wape watoto. Za chuma kwa kawaida zimetoka kwenye beringi, na mimi huzikataza mchezoni kwa sababu hupasua za kioo (niliipoteza nzuri yangu hivyo, hadi leo roho inaniuma).

Pa kukazia macho ni kwenye kovu. Igeuze gololi polepole chini ya mwanga. Ukikuta alama ya mkwaruzo kwenye ncha moja au zote mbili, pale ilipokatwa kutoka kwenye ufito wa kioo, huenda ilitengenezwa kwa mkono, kama zile za Ujerumani za karne ya 19. Usiisugue wala kuing'arisha. Mwonyeshe mjuzi wa vitu vya kale kabla hujaiuza. Za udongo na za akiki zitenge pia.

Mtoto wa chini ya miaka 3 asizisogelee kabisa. Akimeza moja, muulize daktari hata kama anaonekana mzima. Ikimkaba akashindwa kupumua, ita msaada wa dharura papo hapo.