Miche 4,000, iliyobaki 37

Wiki iliyopita kaka mmoja anayefanya kazi Pangani aliniandikia: "Dada, tumepata fedha za kupanda mikoko. Miche tununue wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi, nikiwa na shahada yangu ya sayansi ya bahari mkononi, bado inanukia wino.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa kwenye hori ya Mlingotini, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Tulikusanya miche 4,000 ya mkoko, ile mirefu kama rula inayochipua ingali mtini. Siku ya kupanda kulikuwa na fulana mpya, pilau, wageni rasmi na mpiga picha. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kweli, tope limeanikwa hadi kule wanakolima mwani, na mimi nikaona ardhi ya bure. Tukapanda yote, mistari imenyooka kama gwaride.

Bibi mmoja aliyekuwa anatoka kufunga kamba zake za mwani alisimama akatutazama. "Mwanangu, hapo mkoko ungetaka kuota, ungeshaota."

Nikamwitikia kwa heshima, moyoni nikasema bibi hajui utafiti.

Bibi alikuwa anajua bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa sana na hupwa sana, na ndipo wakulima wa mwani wanapoingia kazini. Sisi tulipanda siku hiyohiyo. Wiki moja baadaye yakaja maji mafu, yasiyopwa sana, na miche ikakaa chini ya maji usiku na mchana. Mikoko huota nusu ya juu ya eneo lililo kati ya kupwa na kujaa, inataka kupumua. Nilikuwa nimepanda msitu kwenye shamba la mwani. Miezi sita baadaye nikaihesabu: 37. Mingine ilikuwa imevamiwa na vile vidude vya magamba vinavyong'ang'ania matumbo ya ngalawa, imelala kwa uzito.

Ripoti kwa mfadhili iliandikwa "miche 4,000 imepandwa". Si uongo. Aliyeiandika alipandishwa cheo, mimi mkataba haukuongezwa. Sijasahau, na wala sijifanyi nimesahau.

Nilirudi mwaka uliofuata kwa nauli yangu. Safari hii sikuchukua mche hata mmoja, nilichukua ufito wenye alama za sentimita na nikakaa na kina mama. Walinionyesha tuta la shamba la chumvi lililoachwa, limeziba mfereji uliokuwa ukipeleka maji nyuma ya hori. Nyuma yake ardhi ilikuwa nyeupe kwa chumvi, imepasuka, hata kaa hakuna. Tukaomba ruhusa, maana msitu wa mikoko ni hifadhi ya serikali na hauguswi hivihivi (barua tu ilichukua miezi minne). Vijana wakakata tuta sehemu mbili kwa majembe. Maji ya bamvua yakaingia, na yakaleta yenyewe mbegu za mchu, aina nyingine ya mikoko. Hakuna aliyepanda. Leo mchu umenifika kiunoni, na watoto wanachota kamba kwa chandarua kwenye mfereji, jambo ambalo nalo inabidi tulizungumze, maana kamba wadogo hukulia humo humo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika miradi: pimeni maji kwanza. Kaeni mwezi mzima, muone bamvua mbili na maji mafu mawili. Ulizeni kwa nini pale hapana mkoko. Kila hori ina sababu yake: mfereji umezibwa, mchanga umehama, mbuzi wanakula. Na mkipanda, msiwe na tamaa ya ule mkoko wa miche mirefu peke yake kwa kuwa mche wake ni rahisi kuchomeka. Upande wa bahari mlilana, nao ni aina ya mikoko, ndio unaostahimili. Acheni kuhesabu iliyopandwa. Hesabuni iliyo hai baada ya miaka mitatu. Najua hakuna mfadhili anayesubiri miaka mitatu, lakini bahari haijasaini mkataba wenu.

Yule kaka nilimrudishia swali moja tu: pale unapotaka kupanda, siku za maji mafu pako wazi au pamefunikwa?

Jana amejibu. "Dada, samahani, maji mafu ndiyo lini?"